Frederick Akbar Mahomed, tabibu aliyeisoma presha kwa springi na masizi

Tarehe 22 Novemba 1884 homa ya matumbo ilimuua mjini London tabibu mwenye umri wa miaka 35, ambaye jina lake lilikuwa la Kihindi, malezi yake ya Kiingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa juu ya mishipa ya damu. Frederick Akbar Mahomed alikuwa amekwisha kuonyesha jambo ambalo madaktari wengi wa zama zake walikuwa wakilipita bila kuliona: kwamba shinikizo la damu huweza kupanda kwa mtu anayetembea, anayekula na kufanya kazi zake kama kawaida, miaka mingi kabla ya figo au moyo wake kuanza kulalamika.

Hakulifikia jambo hilo kwa mitambo ya gharama. Chombo chake kilikuwa na springi, wenzo mwembamba, mtambo mdogo wa saa na kipande cha karatasi kilichopakwa masizi. Alikifunga juu ya kifundo cha mkono wa mgonjwa, pale ambapo matabibu wa kila taifa wamekuwa wakipapasa mpigo tangu kale, na wenzo ukachora umbo la kila pigo la moyo. Hakuna ngozi iliyokatwa wala damu iliyotoka.

Leo, ikiwa imepita zaidi ya miaka 140 tangu kifo chake, watafiti katika nchi nyingi wanatafuta njia nafuu za kupima jinsi mishipa ya ateri inavyokakamaa, wakitumia vifaa vinavyoweza kubebwa mkobani hadi kwenye zahanati. Wengi wao wanaifuata njia ambayo Mahomed alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuikanyaga.

Mjukuu wa mhamiaji

Babu yake, Sake Dean Mahomed, alizaliwa Patna, nchini India, mwaka 1759. Akiwa bado kijana aliingia katika jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na mwaka 1784 alivuka bahari pamoja na afisa aliyekuwa mlezi wake hadi Cork, nchini Ireland. Huko alimwoa Jane Daly, binti wa Kiayalandi, na mwaka 1794 alichapisha simulizi ya safari zake, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa na kuchapishwa kwa Kiingereza na mtu wa India.

Mwaka 1810 alifungua mjini London mkahawa wa vyakula vya Kihindi, lakini biashara haikumsimamia na miaka miwili baadaye alifilisika. Alihamia Brighton, mji wa pwani ya kusini, akaanzisha hamamu za mvuke na ukandaji wa mwili kwa mtindo wa kwao. Sifa zake zilienea hadi akateuliwa kuwahudumia wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne. Hii ndiyo nyumba aliyotoka tabibu wetu: nyumba ya mgeni aliyeanguka, akasimama, na akaishi kwa ujuzi wa mikono yake juu ya miili ya watu.

Frederick Akbar alizaliwa Brighton tarehe 11 Aprili 1849. Babu yake alipofariki mwaka 1851, mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili. Baba yake, ambaye naye aliitwa Frederick, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na wa mchezo wa vitara. Kijana hakufuata vitara wala hamamu. Mwaka 1867 alianza kujifunza uganga katika hospitali ya mji wake, na mwaka 1869 aliingia Hospitali ya Guy's mjini London.

Kitendawili cha Guy's

Guy's ilikuwa na jina kubwa kwa sababu ya Richard Bright. Mwaka 1827 Bright alieleza maradhi ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake: mgonjwa huvimba mwili, mkojo wake ukichemshwa hugandamana kwa sababu ya albumini, na anapokufa figo zake huonekana zimeharibika. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi, kijiko cha mkojo juu ya mwali wa mshumaa.

Hata hivyo, Bright na waliomfuata waliona jambo lililowatatiza. Wagonjwa wengi wa aina hii walikuwa na moyo mkubwa uliotuna misuli, kama moyo uliokuwa ukisukuma mzigo mzito kwa miaka mingi. Mzigo huo ulitoka wapi? Wengi walisema figo mbovu huichafua damu, na damu chafu hupita kwa taabu. Mwaka 1872 William Gull na Henry Sutton walileta hoja nyingine, kwamba kuta za mishipa midogo mwili mzima hukakamaa, na kwamba figo ni mojawapo tu ya viungo vinavyoathirika.

Mabishano yalikuwa makali, na kila upande ulitegemea zaidi kile kilichoonekana juu ya meza ya maiti. Lakini maiti huonyesha mwisho wa safari tu, haionyeshi safari ilianzia wapi. Ilihitajika njia ya kumchunguza mtu aliye hai, mapema, tena mara kwa mara. Hapo ndipo mwanafunzi kutoka Brighton alipoingia.

Chombo juu ya kifundo

Mwaka 1860 mwanafiziolojia wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alitengeneza sfigimografu, yaani chombo cha kuandika mpigo. Springi ilikaa juu ya ateri ya kifundo, mpigo uliinua springi, springi ikainua wenzo mrefu, na ncha ya wenzo ikakwangua mstari juu ya karatasi yenye masizi iliyokuwa ikisogezwa na mtambo wa saa. Mtikisiko mdogo mno kwa jicho uligeuka mchoro mkubwa wa kutosha kusomwa.

Kasoro ya chombo hicho ilikuwa katika kulinganisha. Mchoro ulitegemea nguvu iliyotumika kuibana springi juu ya ateri. Ukibana kidogo, mchoro huu. Ukibana zaidi, mchoro mwingine. Daktari aliyempima mgonjwa Jumatatu hakuweza kusema kwa uhakika kama mabadiliko aliyoyaona Ijumaa yalitoka kwa mgonjwa au kwa mkono wake mwenyewe.

Mahomed, akiwa bado mwanafunzi, alikirekebisha chombo hicho. Aliweka skrubu ya kuongeza na kupunguza mbano, pamoja na kipimo cha kuonyesha mbano huo kwa aunsi. Sasa daktari aliweza kuandika pembeni mwa mchoro kiasi cha nguvu kilichohitajika ili mpigo uonekane vizuri kuliko wakati wote, na nguvu hiyo yenyewe ikawa dalili ya shinikizo lililomo ndani ya ateri. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya chama cha wanafunzi wa Guy's mwaka 1871, na mwaka uliofuata, alipofuzu udaktari, alichapisha mfululizo wa makala juu ya matumizi ya chombo hicho kitandani kwa mgonjwa.

Alijifunza kuisoma michoro kama msomaji anavyosoma mwandiko. Kwa kijana mwenye afya mstari ulipanda kwa kasi, ukafanya ncha kali, ukashuka na kuacha kinundu kidogo njiani. Kwa mtu mwenye shinikizo kubwa, ncha ilipanuka ikawa na bega, mteremko ukachelewa, na kinundu kikafifia. Vidole navyo vilithibitisha: ateri ya mtu huyo haikunywea kati ya pigo na pigo, bali ilibaki imejaa, ikibiringika chini ya kidole kama kamba.

Leo sababu ya bega hilo inaeleweka vizuri zaidi. Moyo unapopiga hutuma wimbi katika ateri, na wimbi hilo likifika kwenye matawi ya mbali sehemu yake hurudi nyuma. Katika ateri laini, iliyo kama bomba la mpira, wimbi husafiri polepole na marejeo yake hufika moyo ukiwa umekwisha kupumzika. Katika ateri iliyokakamaa, iliyo kama bomba la chuma, wimbi hukimbia, na marejeo yake huukuta moyo ungali ukisukuma. Kilele cha shinikizo hupanda, na moyo hulipa gharama.

Katika wodi za homa

Baada ya kufuzu, Mahomed alifanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Homa ya London. Huko kulikuwa na wagonjwa wengi wa homa ya skaleti, maradhi ya vipele vyekundu yaliyowaandama watoto, ambayo mara nyingi yalifuatiwa na ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Kwa mtafiti mwenye subira hiyo ilikuwa nafasi adimu, kwa maana alijua mapema kwamba baadhi ya watoto waliolala mbele yake figo zao zingeugua, na angeweza kuwapima kabla hilo halijatokea.

Aliwapima kila siku, mpigo kwa upande mmoja na mkojo kwa upande mwingine. Aliona kwamba mpigo wa shinikizo kubwa ulitangulia, na albumini katika mkojo ikafuata. Mwaka 1874 aliwasilisha matokeo hayo mbele ya chama cha kifalme cha matibabu na upasuaji cha London, akieleza kwamba maradhi ya Bright yana hatua inayokuja kabla ya dalili iliyokuwa ikiyatambulisha. Daktari aliyesubiri kijiko na mshumaa vimpe jibu alikuwa amekwisha kuchelewa.

Baada ya muda katika Hospitali ya St Mary's, alirudi Guy's mwaka 1877. Huko aliendelea kukusanya habari za wagonjwa, michoro ya mpigo na matokeo ya uchunguzi wa maiti, akiviweka pamoja. Katika kazi alizochapisha kati ya mwaka 1879 na 1881 alikwenda mbali zaidi. Alisema kuna watu wenye shinikizo kubwa la kudumu ambao mkojo wao hauna albumini na figo zao hazijaugua. Watu hao, alieleza, huishi kama wengine bila kusumbuliwa na zaidi ya maradhi madogo madogo, mpaka umri unapoupa nguvu ule uadui uliojificha. Hapo ndipo moyo huchoka, mshipa wa ubongo hupasuka, au figo husalimu amri.

Kwa lugha ya leo, Mahomed alikuwa ameeleza shinikizo la juu la damu kama ugonjwa unaojitegemea, ambao figo ni mhanga wake na si lazima ziwe chanzo. Na alifanya hivyo takriban miaka 15 kabla ya kuwapo kwa mkanda wa kupimia presha tunaoujua.

Mtu wa kazi

Maisha yake nje ya wodi hayakuwa mepesi. Ili kupanda ngazi katika hospitali kubwa ya London, daktari wa zama zile alihitaji shahada ya chuo kikuu chenye hadhi. Mahomed, akiwa tayari na kazi na familia, alijiandikisha katika Chuo cha Gonville and Caius huko Cambridge, akawa anasafiri kwa treni baina ya miji hiyo miwili ili kutimiza sharti la kulala chuoni. Alipata shahada yake mwaka 1881, na mwaka huo huo Guy's ilimchagua kuwa daktari msaidizi wa hospitali.

Alipenda hesabu za watu wengi kuliko hadithi ya mgonjwa mmoja. Pamoja na mwanasayansi Francis Galton alichunguza picha za nyuso za wagonjwa wa kifua kikuu, akitaka kujua kama ilikuwa kweli kwamba maradhi hayo huwachagua watu wenye sura fulani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1882, hayakuiunga mkono imani hiyo.

Jitihada yake ya mwisho ilikuwa kubwa zaidi. Kupitia Chama cha Madaktari cha Uingereza alisimamia mpango wa kuwapelekea madaktari wa kawaida, mijini na vijijini, kadi zenye maswali ya namna moja juu ya maradhi kama homa ya mapafu na baridi yabisi. Kila daktari alijaza aliyoyaona na kuirudisha kadi. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari mmoja huona wagonjwa wachache mno, lakini maelfu ya madaktari wakiuliza swali lile lile kwa namna ile ile huweza kuyaona maradhi yalivyo katika nchi nzima. Tafiti za namna hiyo, kama ule wa mji wa Framingham nchini Marekani ulioanza mwaka 1948, ndizo zilizokuja kuufundisha ulimwengu hatari za presha.

Kisha ikaja homa ya matumbo, maradhi aliyokuwa akiyatibu kwa wengine. Hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vyake. Mahomed aliacha mke na watoto wadogo, na mpango wa kadi, baada ya kumkosa mtu aliyeubeba, ulififia katika miaka michache iliyofuata.

Namba moja yaufunika mchoro

Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mkanda wa mpira unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi alieleza sauti zinazosikika chini ya mkanda huo kwa kutumia kifaa cha kusikilizia. Tangu hapo presha ikawa namba mbili, ya juu na ya chini, ambazo muuguzi yeyote angeweza kuzipata katika dakika chache.

Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Sfigimografu ilihitaji mkono uliozoea, michoro yake ilikuwa tabu kulinganishwa baina ya hospitali na hospitali, na si kila daktari alikuwa na subira ya Mahomed. Lakini namba mbili zilipoingia, umbo la wimbi liliwekwa kando, na jina la aliyelisoma likaondoka nalo. Sifa za kuutambua ugonjwa wa shinikizo la damu walipewa wengine waliokuja baadaye, kama Clifford Allbutt wa Uingereza na Henri Huchard wa Ufaransa.

Ilichukua takriban karne nzima kabla ya heshima kumrudia. Mwaka 1992 Michael O'Rourke, daktari wa moyo wa Australia ambaye mwenyewe alitumia miaka mingi kulichunguza umbo la wimbi la mpigo, alichapisha makala ya kumkumbusha ulimwengu wa tiba juu ya Mahomed. Mwaka 1996 wanahistoria wa Guy's nao wakaieleza upya nafasi yake katika habari ya ugonjwa huu.

Mbio za wimbi

Kilicholirudisha wimbi ni kutambua kwamba watu wawili wenye presha iliyo sawa huweza kuwa na mishipa isiyo sawa. Tangu mwaka 1878 Waholanzi Adriaan Moens na Diederik Korteweg walikuwa wameonyesha uhusiano kati ya ugumu wa bomba na kasi ya wimbi linalopita ndani yake. Mwaka 1922 Bramwell na Hill wa Uingereza waliutumia uhusiano huo kwa ateri za binadamu. Ukijua kasi, umejua ugumu.

Njia inayochukuliwa leo kuwa kipimo cha kulinganishia ni rahisi kuieleza. Kihisio kimoja huwekwa shingoni juu ya ateri inayokwenda kichwani, kingine kwenye kinena juu ya ateri ya mguu. Hupimwa muda ambao wimbi limechelewa kufika mahali pa pili kulinganisha na pa kwanza, na umbali hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Umbali ukigawanywa kwa muda hutoa kasi. Mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kuzidisha umbali wa moja kwa moja kwa 0.8, na wakaweka mita 10 kwa sekunde kuwa mpaka wa tahadhari. Uchambuzi wa tafiti 17, zenye watu zaidi ya 15,000, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kila nyongeza ya mita moja kwa sekunde iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 14 la matukio ya maradhi ya moyo na mishipa.

Vifaa vya hospitali vya kupimia hivyo ni ghali, na ndiyo maana watafiti wamegeukia njia za bei nafuu. Ipo mikanda ya presha inayosoma mitetemo ya hewa ndani yake na kukadiria kasi ya wimbi. Vipo vihisio vidogo vya mgandamizo vinavyobanwa juu ya ateri, ambavyo ni wajukuu halisi wa springi ya Mahomed. Vipo vihisio vya mwanga vya kidoleni, na hata kamera za simu za mkononi. Na pale pasipokuwa na kitu kingine, tofauti kati ya namba ya juu na namba ya chini ya presha, hasa kwa watu wa makamo na wazee, hutoa fununu ya hali ya mishipa.

Lakini unafuu una masharti yake, na hapa somo la Mahomed juu ya mbano wa springi bado lina uzito. Baadhi ya vifaa hukadiria kasi kwa hesabu inayoingiza umri na presha ya mpimwaji. Mtafiti asipoangalia, atakuwa amerudishiwa umri aliouandika mwenyewe, umevishwa nguo ya kipimo. Vihisio vya mwanga husumbuliwa na vidole vyenye baridi. Rangi ya ngozi nayo yaweza kuleta hitilafu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipima oksijeni vya kidoleni, vinavyotumia mwanga, viliwakosea wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Kifaa kilichothibitishwa mahali pamoja kinapaswa kuthibitishwa upya kwa watu watakaopimwa nacho.

Masharti mengine hayana gharama yoyote. Mpimwaji apumzike dakika 10 akiwa amelala, katika chumba tulivu kisicho na joto kali wala baridi. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa kwa saa tatu. Asizungumze wala asisinzie. Presha yake ipimwe wakati huo huo, kwa sababu presha ikipanda, wimbi nalo huongeza mwendo hata kama ukuta wa ateri haujabadilika.

Kutoka Nyanza hadi Nairobi

Kwa Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, Donnison, alichapisha vipimo vya presha alivyovichukua kusini mwa Nyanza, nchini Kenya. Alikuta kwamba kwa watu wa huko presha haikupanda kadiri ya umri baada ya miaka 40, kama ilivyokuwa kawaida kwa watu wa Ulaya. Wengi wa zama zile walilitafsiri jambo hilo kwa macho ya rangi, kana kwamba mwili wa Mwafrika una kanuni zake.

Jibu lilikuja baadaye kutoka pembe hiyo hiyo ya nchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi ya ilivyokuwa kijijini, na uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni makazi, chakula na mwendo wa maisha.

Kwa hiyo anayeyasoma haya akiwa Muscat, Leicester au Minneapolis ana sababu ya kuyachukulia kuwa yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Hao ndio watu aliowaeleza Mahomed mwaka 1879, wanaopita katika maisha kama wengine, wakidhani kutokuwa na maumivu ni kutokuwa na maradhi.

Wapo watakaouliza kwa nini zahanati ihangaike na umbo la wimbi ilhali mkanda wa kawaida wa presha haujamfikia kila mtu. Swali hilo ni la haki. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, mkanda huo ndio unaopaswa kutangulia, na dawa za presha ziwepo dukani kwa bei anayoimudu. Kipimo cha kukakamaa kwa ateri mahali pake, kwa sasa, ni katika utafiti: kujua ni lini mishipa ya watu wetu huanza kuzeeka, ni nini kinachoiharakisha, chumvi, sukari, utapiamlo wa utotoni au maambukizi ya muda mrefu, na ni hatua zipi zinazoichelewesha. Maswali hayo hayawezi kujibiwa kwa vipimo vya Ulaya peke yake, na hayatajibiwa kabisa iwapo kila kifaa kitagharimu bajeti ya mwaka mzima ya kituo cha afya.

Mahomed alianza akiwa mwanafunzi, kwa chombo alichokikuta mezani na kasoro aliyoitambua mwenyewe. Aliirekebisha kwa skrubu na kipimo, kisha akawapima watu wengi, wagonjwa na wazima, siku baada ya siku, akiandika kila mara nguvu aliyoitumia. Katika vyuo vya Afrika Mashariki wako vijana wa umri wake wa wakati ule, na kazi kama hiyo ingali inawasubiri.